Jinsi ya kupanga mipangilio ya kidhibiti mwendo cha Grbl, namba moja baada ya nyingine

Mashine inayoendeshwa na mota za hatua, iwe ya kuchonga mbao, ya kukata kwa leza au ya kuchora kwa kalamu, haijui milimita ni kitu gani. Mota inachokijua ni pigo la umeme tu: likija pigo moja inazunguka hatua moja, lisipokuja inabaki palepale ilipo. Kidhibiti mwendo ndicho kinachopokea amri kama vile "sogea milimita 50 kulia" na kuigeuza kuwa maelfu ya mapigo yaliyopangwa kwa wakati, na namba kinazozitumia kufanya hesabu hiyo ndizo tunazoziita mipangilio. Namba hizo zikikosewa, vyuma vizuri na mota zenye nguvu havitakusaidia, kwa kuwa mashine itaunguruma, itaruka hatua, au itakata kipande cha sentimita 9 mahali ulipoomba cha sentimita 10.

Mwongozo huu unatumia Grbl toleo la 1.1, programu huria iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009 na baadaye kuendelezwa kwa miaka mingi na Sungeun Jeon. Programu hii hukaa ndani ya chipu ndogo ya ATmega328P, ile ile iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, inayofanya kazi kwa megahezi 16 na yenye kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Nimeichagua kwa sababu mipangilio yake yote huonekana wazi kama orodha ya namba, bila kufichwa nyuma ya madirisha na vitufe. Anayetumia LinuxCNC au Mach4, ambazo ni programu nyingine za kuendesha mashine kama hizi, atakuta majina mengine, lakini mantiki na mfuatano wa kazi ni ule ule.

Na mfuatano ndio hasa ninaotaka kuusisitiza. Watu wengi huanza kwa kutafuta orodha ya namba za mtu mwenye mashine inayofanana na yao, wanainakili yote kwa mkupuo, kisha wanatumia wiki nzima wakijaribu kuelewa kwa nini mashine yao haitulii. Kila namba kati ya hizi inasimama juu ya ile iliyoitangulia: huwezi kupima kasi kabla hujajua hatua kwa milimita, wala huwezi kuweka mipaka ya safari kabla mielekeo haijawa sahihi. Ukizipanga kwa zamu, na kila moja ukaipima kwenye mashine yako mwenyewe kabla ya kwenda kwa inayofuata, kazi yote huisha katika mchana mmoja.

Kabla ya kugusa namba yoyote

Ondoa kisu cha kukatia kwenye spindeli, yaani mota inayozungusha kisu, na kama mashine ni ya leza, chomoa waya wa leza. Hakikisha una swichi unayoweza kuifikia kwa mkono mmoja na inayokata umeme wa mota moja kwa moja, kwa sababu kitufe cha kusimamisha kilicho kwenye skrini ya kompyuta hakina maana yoyote pale programu inapoganda. Rekebisha mkondo wa kila draiva, yaani saketi inayoipa mota umeme wake, kulingana na karatasi ya maelezo yake, usizidishe ampea zilizoandikwa kwenye mota, na kamwe usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva ina umeme, maana hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuiunguza.

Kisha andika kwenye karatasi mambo matatu: mota ina hatua ngapi kwa mzunguko mmoja (nyingi zina 200, yaani nyuzi 1.8 kwa hatua), draiva imewekwa kugawanya kila hatua katika vipande vingapi, na skrubu au mkanda unasogeza mhimili milimita ngapi mota ikizunguka mara moja. Mgawanyo wa hatua huwekwa kwa jampa (vibanio vidogo vya kuunganisha pini) au swichi ndogo kwenye bodi, si kwenye programu, na Grbl haina njia ya kuusoma. Ukikosea kuuhesabu hapa, kila kitu kitakachofuata kitakuwa na makosa.

Katika mwongozo huu nitatumia mashine moja ya mfano: mota za hatua 200, mgawanyo wa 8, skrubu inayosogeza nati milimita 8 kwa mzunguko, na safari ya milimita 300 kwa X (kushoto na kulia), 200 kwa Y (mbele na nyuma) na 60 kwa Z (juu na chini).

Kuunganisha na kuhifadhi namba za zamani

Unganisha bodi na kompyuta kwa kebo ya USB, fungua programu yoyote yenye dirisha la kuandikia amri, na uweke kasi ya mawasiliano kuwa 115200. Bodi ikiitika, itajitambulisha kwa mstari unaoanza na neno Grbl na namba ya toleo. Andika `$$` na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Utaletewa orodha inayoanza na `$0` na kuishia na `$132`. Inakili orodha yote kwenye faili la maandishi na uipe tarehe ya leo. Siku utakapovuruga mambo, faili hilo litakuokoa, kwa sababu amri ya `$RST=$` hurudisha namba za kiwandani tu, si zile ulizozihangaikia.

Kubadilisha namba ni rahisi: unaandika jina lake, alama ya usawa na thamani mpya, kwa mfano `$100=200`, kisha unasubiri jibu la `ok`. Neno hilo la kusubiri si la adabu tu. Kila badiliko huandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya chipu, na katika muda mfupi wa kuandika huko chipu haisikii kinachotumwa, hivyo mtu anayebandika mistari 30 kwa pamoja anaweza kukuta herufi kadhaa zimepotea njiani na namba mbili tatu zimeingia vibaya bila onyo lolote. Tuma mstari mmoja, ona `ok`, tuma mwingine, na mwishoni andika tena `$$` usome kilichohifadhiwa kweli.

Mapigo, usingizi wa mota na mwelekeo

Namba ya `$0` ni urefu wa kila pigo kwa mikrosekunde, na thamani yake ya kawaida ni 10. Draiva ndogo kama A4988 inatosheka na mikrosekunde 1, na DRV8825 inahitaji karibu 2, kwa hiyo 10 inazitosha zote. Iache kama ilivyo isipokuwa karatasi ya draiva yako inadai pigo refu zaidi, jambo linalotokea kwa baadhi ya draiva kubwa zinazopitisha ishara kwa mwanga. `$2` nayo hugeuza pigo juu chini kwa draiva zinazotaka hivyo, nayo `$4` hugeuza ishara ya kuwasha draiva. Kama mota zinakaa legelege wakati zinapaswa kushika, na zinashika wakati zinapaswa kulegea, basi `$4` ndiyo ya kubadilisha.

`$1` inastahili neno zaidi. Hii ni muda, kwa milisekunde, ambao kidhibiti husubiri baada ya mwendo kuisha kabla ya kukata mkondo wa mota, na thamani ya kawaida ni 25. Thamani ya 255 ina maana ya pekee: mota zisilegezwe kamwe. Mimi huiweka 255 kwenye mashine yoyote inayokata kitu. Mota ikilegezwa ikiwa katikati ya hatua, rota, sehemu ya ndani inayozunguka, hujivuta yenyewe hadi kwenye hatua kamili iliyo karibu. Kwenye mashine yetu ya mfano hatua kamili ni milimita 0.04, kwa hiyo kila kulegezwa kunaweza kukusogeza hadi milimita 0.02 bila kidhibiti kujua. Kwenye Z yenye spindeli nzito hali ni mbaya zaidi, kwani uzito unaweza kuishusha kabisa. Gharama ya 255 ni joto, na mota za hatua huwa na joto zikiwa zimesimama. Hilo ni la kawaida alimradi mkondo haujapita kiwango chake.

Sasa mwelekeo, ambao huwachanganya hata waliozoea. Kanuni ni kwamba ishara za kuongeza na kupunguza huhesabiwa kwa kisu, si kwa meza. X ikiongezeka, kisu kinakwenda kulia. Y ikiongezeka, kisu kinakwenda mbali nawe. Z ikiongezeka, kisu kinapanda juu. Kama mashine yako ni ile ambayo meza ndiyo inayosogea mbele na nyuma huku spindeli ikiwa imetulia, basi amri ya kuongeza Y inapaswa kuileta meza kwako, kwa sababu meza ikija kwako ni sawa na kisu kwenda mbali juu ya ubao. Ukilisahau hili, maandishi yako yatatoka yamegeuka kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Ili kujaribu, sogeza kila mhimili milimita chache tu na uangalie. Mhimili unaokwenda kinyume hurekebishwa kwa `$3`, ambayo ni jumla ya thamani za mihimili inayotakiwa kugeuzwa: X ni 1, Y ni 2, Z ni 4. Anayetaka kugeuza X na Z ataandika `$3=5`, na anayetaka Y peke yake ataandika `$3=2`.

Hatua kwa milimita

Namba za `$100`, `$101` na `$102` ndizo zinazomfundisha kidhibiti milimita ni nini katika X, Y na Z. Hesabu yake ni moja: zidisha hatua za mota kwa mgawanyo, kisha ugawe kwa milimita zinazopatikana katika mzunguko mmoja. Kwa mashine yetu ni 200 mara 8, sawa na 1600, gawanya kwa 8, unapata 200. Mashine ya mkanda wenye meno ya milimita 2 na puli ya meno 20 husogea milimita 40 kwa mzunguko, kwa hiyo kwa mgawanyo wa 16 ni 3200 gawanya kwa 40, yaani 80.

Uwe mwangalifu na skrubu zenye nyuzi nyingi. Skrubu ya milimita 8 inayopatikana sana kwenye mashine ndogo huwa na umbali wa milimita 2 kati ya uzi na uzi, lakini nyuzi zenyewe ni nne zinazokwenda sambamba, hivyo mzunguko mmoja husogeza nati milimita 8, si 2. Kuna nyingine za muonekano ule ule zinazosogeza milimita 2 au 4. Badala ya kukisia, chora alama kwenye skrubu, izungushe kwa mkono mara kumi kamili mashine ikiwa imezimwa, na upime nati imekwenda kiasi gani.

Ukishaingiza namba, thibitisha. Bandika rula ya chuma sambamba na mhimili, sogeza mashine kidogo upande ule ule utakaopimia ili kuondoa ulegevu wa nati, soma ilipo, kisha uamuru safari ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu. Usipime milimita 10. Kosa la jicho la nusu milimita katika safari ya milimita 10 ni asilimia 5, wakati katika safari ya 200 ni robo ya asilimia moja tu.

Matokeo yana tabia zake, na ni vizuri kuyasoma kabla ya kukimbilia kikokotoo. Ukiamuru 200 na mashine ikaenda 100 au 400 kamili, namba yako haihitaji kusahihishwa kwa desimali; jampa za draiva ndizo zimekaa vibaya. Mashine ya mkanda ikienda 199.2, hapo kuna sababu ya kusahihisha, na namba mpya ni ya zamani mara ulichoamuru gawanya kwa ulichopima: 80 mara 200 gawanya kwa 199.2, yaani 80.321. Lakini mashine ya skrubu ikionyesha kosa kubwa kama hilo, mimi kwanza huishuku rula, kisha nati inayocheza, kisha kapulingi (kiungo cha mota na skrubu) iliyolegea, na namba huishuku mwisho kabisa. Skrubu haibadiliki urefu wake kwa sababu umeipima vibaya. Nimeona watu wakisahihisha namba hii kwa kukata kipande kidogo cha mraba na kukipima kwa kalipa, bila kukumbuka kwamba kipimo cha kipande hicho kimebeba pia unene wa kisu, kupinda kwa spindeli na ulegevu wa nati. Wanaingiza makosa manne kwenye namba ambayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Na kwa kuwa Grbl haina njia ya kufidia ulegevu wa nati, dawa ya ulegevu huo ni kuukaza kwa bisibisi.

Kasi ya juu na mchapuko

Kasi ya juu ya kila mhimili, kwa milimita kwa dakika, huandikwa kwenye `$110`, `$111` na `$112`. Mchapuko, yaani jinsi mashine inavyoongeza kasi, huandikwa kwenye `$120`, `$121` na `$122` kwa milimita kwa sekunde kwa sekunde. Angalia kwamba moja ni kwa dakika na nyingine ni kwa sekunde; kosa la kuzichanganya ni la kila siku.

Kwanza fahamu ukomo wa chipu yenyewe. Grbl kwenye Arduino Uno inaweza kutoa mapigo yapatayo 30,000 kwa sekunde. Kwa hatua 200 kwa milimita, hiyo ni milimita 150 kwa sekunde, au 9,000 kwa dakika, kiasi ambacho mashine yetu haitakifikia. Lakini mtu akiamua kuweka mgawanyo wa 32 kwa kudhani kwamba vipande vidogo zaidi huleta usahihi zaidi, hatua zinakuwa 800 kwa milimita na ukomo unashuka hadi milimita 2,250 kwa dakika. Mgawanyo wa 8 au 16 unatosha kazi nyingi.

Ukomo halisi ni wa mota, kwa sababu mota ya hatua hupoteza nguvu kadiri inavyozunguka kwa haraka. Namna ya kuutafuta ni kupandisha kasi kidogo kidogo hadi mota ishindwe, na hapa kuna mtego ulioninasa kwenye mashine ya kwanza niliyoipanga. Niliweka `$110=3000`, nikabonyeza kitufe cha kusogeza milimita 20, mashine ikaenda bila tatizo, nikaridhika. Siku ya kazi, katika safari ndefu ya kwanza, X ilipiga kelele kama ya mashine ya kusagia na kazi ikaharibika. Sababu ni kwamba mchapuko ulikuwa bado ni ule wa kiwandani, 10. Safari ya milimita 20 kwa mchapuko wa 10 haitoshi kuifikisha mashine hata kwenye milimita 850 kwa dakika kabla haijalazimika kuanza kupunguza mwendo. Nilikuwa sijaijaribu kabisa kasi ya 3000, nilidhani tu nimeijaribu.

Hesabu inayokulinda na mtego huo ni fupi: umbali wa kufikia kasi ni kasi mara kasi, gawanya kwa mara mbili ya mchapuko. Milimita 3,000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde. Kwa mchapuko wa 10, mashine inahitaji milimita 125 kuifikia kasi hiyo na nyingine 125 kusimama, yaani karibu safari nzima ya X. Kwa mchapuko wa 50 inahitaji 25 na 25. Kwa hiyo weka mchapuko wa muda wa 50, rudi katikati ya mhimili, na utume mistari hii:

`$110=1000`
`G21 G91`
`G0 X120`
`G0 X-120`

`G21 G91` hukiambia kidhibiti kihesabu kwa milimita na kuanzia pale mashine ilipo. Amri ya `G0` hutumia kasi ya juu uliyoiweka, kwa hiyo kila ukipandisha `$110` kwa 500 na kurudia safari hizo mbili, unapima kasi hiyo kweli. Sikiliza. Mota inayokwenda vizuri hutoa sauti moja inayopanda na kushuka; inayoshindwa hutoa mngurumo mkavu na mhimili husimama huku kidhibiti kikiamini unaendelea. Kumbuka kasi iliyoshindwa, punguza asilimia 20, na hiyo ndiyo namba yako. Kisha acha kasi hiyo na upandishe mchapuko kwa mtindo ule ule, 50, 100, 150 na kuendelea, hadi mota ishindwe mwanzoni mwa mwendo, nawe upunguze tena asilimia 20. Tofauti ya kushindwa kuwili huko inasikika: kasi ikizidi, mota hufa katikati ya safari, mchapuko ukizidi, hufa inapoanza tu kuondoka.

Z ijaribiwe ikipanda, si ikishuka, kwa sababu ikishuka uzito unaisaidia na kukudanganya. Na kama kasi unayoipata ni ndogo mno, usitafute tiba kwenye mipangilio. Kinachozuia mota kwa mwendo wa haraka mara nyingi ni volti za chanzo cha umeme: mashine ya volti 12 ikipewa 24, ikiwa draiva na vifaa vingine vinavyotumia chanzo hicho hicho vinaruhusu, hubadilika kabisa.

Swichi za kikomo na kurudi nyumbani

Kurudi nyumbani maana yake ni mashine kuzitafuta swichi za kikomo yenyewe ili ijue iko wapi, kwani inapowashwa haina kumbukumbu yoyote ya mahali ilipo. Kabla ya kuruhusu mwendo wowote, jaribu swichi kwa kidole. Bonyeza ya X uishike, kisha tuma alama ya kuuliza peke yake. Jibu litafanana na hili:

`<Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0|Pn:X>`

Herufi zinazofuata `Pn:` ndizo swichi ambazo kidhibiti kinaona zimebonyezwa. Kama herufi zinaonekana ukiwa hujabonyeza kitu na zinatoweka ukibonyeza, badilisha `$5`. Mimi hupendelea swichi zinazokaa zimefungwa na kufunguka zikibonyezwa, kwa kuwa waya ukikatika kidhibiti hukiona kikomo na kusimama. Kwa aina nyingine waya uliokatika hauonekani hadi mashine imegonga mwisho wa reli.

Swichi zote tatu zikiitika, weka `$22=1`. Acha `$24` na `$25`, ambazo ni kasi ya kugusa taratibu na kasi ya kutafuta, kwenye 25 na 500 za kawaida, na `$27`, umbali wa kujitoa kwenye swichi, kwenye 1. Peleka mihimili katikati, shika swichi ya umeme kwa mkono mmoja, na utume `$H`. Z itapanda kwanza, kisha X na Y zitakwenda kwa pamoja kulia na mbali nawe. Mara hii ya kwanza usisubiri zifike. Bonyeza kila swichi kwa kidole zikiwa njiani uone zinavyosimama na kurudi nyuma. Mhimili ukikimbilia upande usio na swichi, kata umeme na urekebishe `$23`, inayotumia hesabu ya 1, 2 na 4 kama `$3`. Usiuguse `$3` tena kwa ajili hii, maana utaharibu mwelekeo uliokwisha kuusahihisha.

Mashine ikifika nyumbani, wengi hushtuka kuona nafasi ya -1.000 kwa kila mhimili na kudhani kuna kosa. Hakuna kosa. Grbl huhesabu nafasi za mashine kwa namba hasi kutoka kwenye kona ya swichi, na ile milimita moja ni umbali wa kujitoa.

Sasa pima safari halisi ya kila mhimili na uiandike kwenye `$130`, `$131` na `$132`, ukipunguza milimita mbili hivi, yaani 298, 198 na 58 kwa mashine yetu. Namba hizi zina kazi mbili. Ya kwanza ni mipaka ya programu: ukiweka `$20=1`, amri yoyote inayovuka safari hukataliwa kwa `ALARM:2` kabla ya mwendo kuanza, nayo haikubali kuwashwa bila `$22`; ukijaribu utajibiwa `error:10`. Ya pili husahaulika: katika kutafuta swichi, kidhibiti huenda mara moja na nusu ya safari uliyoiandika, kisha hukata tamaa na kutoa `ALARM:9`. Mtu mwenye mhimili wa milimita 400 aliyeacha thamani ya kiwandani ya 200 atapata `ALARM:9` kila anapoanzia mbali, kwa sababu utafutaji wake unakoma kwenye milimita 300, na atabadilisha swichi tatu kabla ya kugundua.

`$21=1` huwasha ulinzi wa swichi wakati wa kazi. Ukiwasha na mashine ikaanza kutoa `ALARM:1` kila spindeli inapowashwa ilhali hakuna kilichoguswa, tatizo ni umeme wa spindeli unaoingilia nyaya za swichi. `$26`, muda wa kusubiri swichi itulie wakati wa kurudi nyumbani, haitibu hilo. Tenganisha nyaya za swichi na za mota, tumia kebo yenye kinga, na uongeze kapasita ndogo karibu na bodi.

Namba zilizobaki

`$11`, inayoamua jinsi mashine inavyopita kwenye kona, na `$12`, inayohusu mikunjo, ziachwe kama zilivyo. `$13` ibaki 0 kwa wanaotumia milimita. `$30` iwe sawa na thamani ya juu ya spindeli au leza iliyoandikwa kwenye programu inayotuma kazi. Ukiwa na 10000 huku na 1000 kule, leza itafanya kazi kwa sehemu moja ya kumi ya nguvu yake nawe utailaumu lenzi. `$32=1` ni ya leza pekee, na anayebadilishana leza na spindeli kwenye mashine moja airudishe 0 kila anapofunga kisu.

Kipimo cha mwisho

Rudi nyumbani, chora mstari mwembamba wa kalamu unaopita juu ya kapulingi na mwili wa mota, kisha utume faili lenye safari mia moja za kwenda na kurudi kwa X na Y, fupi na ndefu zikichanganywa, na mwisho mashine irudi ilipoanzia. Mstari ukikutana vizuri, umemaliza. Chukua `$$` nyingine, uihifadhi kando ya ile ya mwanzo, na ufunge kisu.

Usipokutana, pima tofauti, kwa sababu ukubwa wake unakuambia pa kurudi. Mota inayoshindwa na mzigo hupoteza hatua kamili kwa makundi ya nne nne, ambayo kwenye skrubu yetu ni milimita 0.16, kwa hiyo tofauti ya 0.16, 0.32 au 0.48 inakurudisha kwenye kasi na mchapuko. Tofauti inayokua taratibu kila mhimili unapogeuka, kwa kipande kimoja cha hatua cha milimita 0.005, hadi kufikia nusu milimita baada ya migeuko mia moja, haina uhusiano na nguvu ya mota. Hiyo ni draiva inayosoma mwelekeo mpya kwa kuchelewa, na utairekebisha kwa `$2`. Na kapulingi ikiwa imekutana sawasawa huku meza imehama, acha kompyuta, chukua ufunguo na ukaze skrubu za kapulingi na nati.